Pikipiki, Tope na Samoni: Mvutano wa Tillamook

Katika msitu wa jimbo wa Tillamook, Oregon, Marekani, kuna ubishi kama njia za pikipiki na magari zifungwe wakati wa mvua. Msitu huo una ekari zipatazo 364,000, na si pori la kale. Uliungua mwaka 1933, ukaungua tena 1939, 1945 na 1951. Ilibidi miche milioni 72 ipandwe, mingine kwa mikono ya watoto wa shule, ndipo ukarudi. Kwa hiyo ukimwambia mwendesha pikipiki wa Browns Camp, eneo la njia za vyombo vya moto ndani ya msitu huo, kwamba anachafua maumbile yasiyowahi kuguswa, atakucheka, na sioni wa kumlaumu. Wavuna magogo walimtangulia zamani, wakachonga barabara kila upande wakiwahi mbao zilizobaki baada ya moto.

Isitoshe, mwendesha pikipiki analipa. Kibali cha jimbo ni dola 10 kwa miaka miwili, na sehemu ya kodi ya petroli inayochomwa nje ya barabara za kawaida hurudi kutunza njia. Anayetembea kwa miguu hana kibali cha namna hiyo. Vyama vya waendeshaji navyo hujitokeza na majembe yao.

Ila kuna mvua. Msitu uko kwenye milima ya pwani, yenye sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, nyingi zikinyesha majira ya baridi. Tairi lenye meno likipita kwenye mteremko ulioloa huacha mfereji; maji huufuata, huuchimba, kisha hushusha tope mitoni, Mto Wilson ukiwemo. Samaki aina ya samoni hutaga kwenye kokoto za mtoni, na mayai huishi kwa hewa iliyomo kwenye maji yanayopenya humo. Tope laini likiziba nafasi hizo, mayai hufa. Wanaochimba zaidi ni magari mazito, lakini lawama humwangukia mwenye pikipiki kwa sababu ndiye anayesikika. Lori la magogo nalo lina tope lake, ingawa halitajwi sana.

Jirani wa Oregon, jimbo la Washington, walishaamua: katika msitu wa Capitol, njia za vyombo vya moto hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi Aprili 30. Oregon iige? Waendeshaji wana jibu zito. Kiangazi, hatari ya moto inapopanda, huzuiwa pia. Ukiwanyima na miezi ya mvua, wabaki na nini? Na njia rasmi ikifungwa, mkaidi hujichongea yake, isiyo na daraja wala mtaro.

Mimi nisingefunga msimu mzima, ningefunga njia moja moja. Yenye kokoto, madaraja na mitaro ya kutolea maji ipitike hata Januari. Inayovuka kijito kwa kukanyaga maji ifungwe mvua ya kwanza ikidondoka, hata kama ndiyo tamu kuliko zote. Na kwa kawaida huwa ndiyo tamu.