Matone ya chuma kwa mtoto njiti: kabla ya kubishania dawa, tubishanie kijiko

Binti wa dada yangu alijifungua wiki ya 31, mtoto wa kilo moja na ushee. Baada ya wiki kadhaa za kumbeba kifuani kwa mtindo wa kangaroo waliruhusiwa kurudi nyumbani, Majengo, Moshi, mtoto akiwa amefika kilo 1.9. Walirudi na kadi ya kliniki, kofia tatu za sufi, na chupa ya dawa ya maji ya madini ya chuma. Siku ya nne choo cha mtoto kikawa cheusi kama lami, na nyumba ikagawanyika.

Mama mkwe wake alisema dawa inamchoma mtoto utumbo, waiache mara moja, mtoto anyonye tu. Shangazi wa mume, nesi mstaafu, akasema choo cheusi ni kawaida ya chuma, na wanaotaka kuacha dawa wangoje waone damu ya mtoto itakavyokuwa akifika miezi minne. Binti akanipigia simu: "Mama mdogo, wewe ndiye unayesoma haya mambo. Nimsikilize nani?"

Kuhusu choo, shangazi alikuwa sahihi. Kuhusu dawa yenyewe, kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, na kipande cha mama mkwe si kidogo kama wasomi wanavyodhani.

Tuanze na hoja ya kumpa. Mtoto tumboni hujaziwa akiba yake ya chuma mwishoni mwishoni. Sehemu kubwa ya chuma anachozaliwa nacho mtoto aliyetimiza miezi yake, karibu robo tatu au zaidi, hupita kwenye kondo la nyuma katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Aliyezaliwa wiki ya 31 ameondoka kabla ghala halijajazwa. Kisha akiwa wodini anatolewa damu ya vipimo, kidogo kidogo, mililita moja leo na nyingine keshokutwa, na kila mililita inaondoka na karibu nusu miligramu ya chuma. Kwa mtu mzima hiyo si kitu. Kwa mwenye kilo moja ni hasara inayoonekana. Halafu akishapona anaanza kukua kwa kasi ambayo mtoto wa kawaida haifikii, na kila gramu ya mwili mpya inataka damu mpya.

Maziwa ya mama, pamoja na utukufu wake wote, hayawezi kuziba pengo hilo. Lita nzima ina takriban miligramu 0.2 hadi 0.4 za chuma. Mtoto wa kilo 1.9 anakunywa labda theluthi moja ya lita kwa siku, kwa hiyo anapata kama sehemu moja ya kumi ya miligramu. Kiwango kinachopendekezwa kwa njiti ni miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Hata tukichukua kile cha chini kabisa, anahitaji miligramu 3.8. Hata maziwa yafyonzwe yote bila kupotea tone, hesabu haifungi.

Hapa Uchagani tuna jibu la haraka: mlishe mama. Mtori asubuhi, kisusio mchana, na siku hizi juisi ya rozela na bitiruti juu yake. Mimi ni wa kwanza kutetea mtori. Lakini chuma kwenye maziwa ya mama hakipandi kwa sababu mama amekula vizuri, mwili wake haukipitishi hivyo. Kisusio kinamrudishia mzazi damu aliyopoteza. Hakimfikii mtoto. Nilipolisema hili, mama mkwe alinitazama kama nimetukana ukoo.

Na kinachogombaniwa hapa kinazidi wekundu wa damu. Chuma kinahitajika kwenye ubongo unaojengwa. Huko Sweden watafiti walifuatilia watoto 285 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 2 na 2.5, wengine wakipewa chuma na wengine dawa isiyo na kitu, kuanzia umri wa wiki 6 hadi miezi 6. Walipofika miezi sita, waliokosa chuma cha kutosha kwenye kundi lisilopewa kitu walikuwa asilimia 36. Kwenye kundi lililopewa miligramu 2 kwa kilo kwa siku walikuwa asilimia 4. Watoto hao walipopimwa tena wakiwa na miaka mitatu na nusu, matatizo ya tabia yalikuwa karibu asilimia 13 kwa wale ambao hawakupewa, na chini ya asilimia 3 kwa waliopewa. Hawa hata hawakuwa njiti wadogo sana. Walikuwa wale ambao wodi nyingi huwaita "wadogo kidogo tu" na kuwaruhusu bila chupa yoyote.

Sasa upande wa mama mkwe. Yeye alisema "inamchoma", na neno hilo, ukiliweka kwenye lugha ya maabara, halijapotea mbali. Chuma kilicho huru mwilini huzalisha kemikali zinazounguza chembe hai, na njiti ana kinga ndogo dhidi ya uunguzaji huo kuliko mtoto aliyekomaa. Ndiyo maana madaktari hawaanzi kumpa siku ya kwanza, husubiri utumbo uzoee kwanza maziwa. Zaidi ya hapo, chuma ni chakula cha vijidudu pia. Mwili unapopata maambukizi hukificha chuma kwa makusudi ili adui asile. Kumiminia mtoto mwenye homa kali chuma zaidi ni kama kumwekea mwizi taa.

Na ushahidi mzito zaidi wa tahadhari umetoka kwetu. Pemba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 waliingizwa kwenye jaribio la chuma na foliki asidi. Mwaka 2003 ilibidi makundi yanayopata chuma yasimamishwe. Matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Dunia nzima ya lishe ilishtuka. Tangu hapo mtu yeyote anayesema "chuma hakina madhara" mbele ya mtaalamu wa Afrika Mashariki huulizwa: na Pemba je?

Swali hilo ni la haki, ila huwa linanyooshwa kupita kiasi. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria ya kutisha. Watoto walipewa chuma bila kupimwa kwanza nani ana upungufu na nani hana, na ndani ya jaribio hilohilo, kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu lilionyesha kwamba wenye upungufu walinufaika. Tena si jaribio la njiti. Kabla yake, mwaka 1997, yalichapishwa matokeo kutoka Ifakara: watoto wachanga 832, chuma miligramu 2 kwa kilo kwa siku kuanzia wiki ya 8 hadi ya 24. Upungufu mkali wa damu ulishuka kwa zaidi ya robo na malaria haikuongezeka. Nchi moja, majibu mawili, na tofauti kubwa ni nani alipewa, kiasi gani, na nani alikuwa karibu kutibu homa ikija.

Kwa Moshi na Arusha jambo hili lina sura yake. Tafiti za kitaifa zimeiweka mikoa hii miwili miongoni mwa yenye malaria kidogo kabisa nchini, chini ya asilimia 1 ya watoto. Hofu ya Pemba haiwezi kuhamishwa nzima nzima hadi Majengo au Sanawari. Lakini mikoa haifanani ndani yake. Mama anayeshuka na njiti wake kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni, au Mto wa Mbu, mahali ambapo jina lenyewe linajieleza, anahitaji chandarua na kipimo cha homa sambamba na chupa ya chuma. Daktari anayemwandikia dawa bila kumuuliza anaishi wapi ameandika nusu ya maagizo.

Kuna watoto wengine ambao tahadhari inawahusu hata wakiishi juu kabisa Marangu. Njiti aliyeongezewa damu mara mbili wodini ameingiziwa chuma kingi kupitia mshipa, hana haraka ya matone. Anayekunywa maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya njiti tayari anapata chuma humo. Ndiyo sababu pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2022 halisemi "njiti wote". Linasema njiti na wenye uzito mdogo wanaolishwa maziwa ya mama na wasiopata chuma kutoka chanzo kingine. Sharti hilo la mwisho mara nyingi huachwa njiani habari inapopita mdomo kwa mdomo.

Lini kuanza? Hapo wataalamu wenyewe hawakubaliani: wengine wiki ya pili, Wamarekani mwezi mmoja, Wazungu wa Ulaya kati ya wiki 2 na 6. Mpaka lini? Miezi sita kwa wengine, mwaka mzima kwa wengine. Sioni sababu ya kuumiza kichwa kwa tofauti hizo. La kuumiza kichwa ni kosa hili: karibu wiki ya 4 hadi ya 8 damu ya njiti hushuka yenyewe, kwa sababu homoni inayouamsha uboho kutengeneza damu bado imelala. Kushuka huko hakuletwi na uhaba wa chuma. Familia inayosikia "wingi wa damu umeshuka" ikaongeza matone mara mbili haitibu kitu, inajiletea hatari tu.

Ndipo nafika kwenye kijiko, na hapa nakiri nilikasirika. Binti aliniambia maelezo aliyopewa: "Mpe kidogo, mara moja kwa siku." Kidogo! Chupa ile iliandikwa miligramu 50 kwa mililita 5, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Mtoto wa kilo 1.9 anahitaji 3.8, kwa hiyo mililita 0.4, matone machache tu. Kijiko cha chai cha nyumbani ni mililita 5. Angempa kijiko kizima, mtoto angepata zaidi ya miligramu 26 kwa kila kilo, na kuanzia 20 ndipo wataalamu wa sumu huanza kuhesabu chuma kuwa hatari. Chupa ileile, dawa ileile. Na mtu akiishiwa dawa akasaga kidonge cha mama cha kuongeza damu, ajue kile cha salfeti ya chuma kilichoandikwa miligramu 200 kina chuma chenyewe kama miligramu 60. Kwa mtoto huyo ni sumu kamili.

Kosa la upande wa pili halina kelele ila limeenea zaidi. Kipimo kikishawekwa hakuna anayekigusa tena. Mtoto anatoka kilo 1.9 anafika kilo 4, bado anapewa mililita 0.4. Sasa anapata nusu ya haki yake huku kila mtu akiamini anatumia dawa. Baadaye anapopatikana na upungufu wa damu, wanasema chuma hakifanyi kazi.

Nilimjibu binti kwamba ampe. Mtoto wake hakuongezewa damu, anakula maziwa ya mama peke yake, na anaishi mahali ambapo malaria ni nadra. Hoja ya tahadhari, kwake, inageuka kuwa masharti: akipata homa dawa isimame mpaka aonwe, chupa ikae juu mbali na kaka yake wa miaka mitatu, na kijiko kiondoke kabisa. Tulinunua sirinji ya mililita moja duka la dawa, bila sindano, na nesi wa kliniki akaandika kwenye kadi namba badala ya "kidogo". (Kama ingewezekana kurudi nyuma, ningeomba pia kitovu kisibanwe mpaka dakika moja ipite, pale ambapo mtoto hakuhitaji kukimbizwa. Ni chuma cha bure, hakina chupa wala hesabu.)

Wiki iliyopita mizani ya kliniki ilisoma kilo 3.1, na kwenye kadi 0.4 ikakatwa, ikaandikwa 0.6. Jioni nilikuwa pale. Mama mkwe, ambaye siku hizi ndiye mtoaji dawa, alikuwa ameshavuta hadi mstari wa zamani. Binti akamwonyesha kadi. Akavaa miwani, akasoma, akaichomeka sirinji tena kwenye chupa na kuongeza mistari miwili mikubwa, akiihesabu kwa sauti.