Kusi Imekaza, Mgeni Ataka Trauti

Mwezi wa 7 huu, hapa Lamu kusi, upepo wa kusini, inang'oa makuti, mgeni anaambiwa upepo ni mkali, anajibu: "Kapteni, si nimelipa?" Haya, umelipa. Upepo haukupewa risiti.

Ya petroli siyasemi. Ya barafu siyasemi. Wala wale wanaopewa jaketi la kuokolea wakalikalia.

Huyu wa leo katoka Nairobi na fimbo ya kuvulia trauti, samaki wa mtoni, nyembamba, ya kurushia nzi wa manyoya, yaani ndoana iliyovishwa manyoya. Nikamwambia kwa heshima zote: Bosi wangu, trauti yuko mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, maji ya baridi. Huku ni chumvi. Tuna changu, tewa, kolekole, mzia. Akasema, "Tujaribu tu." Tujaribu! Ati trauti atashuka na basi la Mokowe, kule bara mabasi yanakoishia.

Kusi ikikaza hatutoki nje. Maji yakipwa na upepo unaingia, vinakutana mbele ya kijiji cha Shela, mawimbi yanasimama wima, mafupi, yanakutwanga mpaka mfukoni. Tunakwenda ndani, Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, mikoko ikinge. Na Mkanda nao wataka maji yajae, la sivyo mashua italala topeni mpaka yarudi. Mgeni akauliza kwa nini tusingoje mchana. Bahari ingoje chai yake!

Kwenye kina cha pima 2, amari, kamba ya nanga, nikatoa pima 10, na mnyororo mbele ya nanga ili ilale chini, isiruke. Yeye akataka nanga ifungwe tezi, nyuma ya mashua, "ili mimi nione mbele." Bwana, ukifunga nanga tezi katika upepo, maji yanaingia kwa nyuma na tunavua tukiwa ndani ya ndoo. Nikafunga omo, mbele. Akanuna.

Sasa kurusha. Nikamwonyesha: upe upepo mgongo, fimbo iwe chini, ipite ubavuni, rusha karibu. Akasimama wima akaelekea kusi, akaipeleka fimbo juu ya kichwa kwa nguvu zote. Nzi akaenda mbele kidogo, akafikiri, akarudi. Akanasa kofia ya mgeni. Mara ya pili, mkono wa shati la baharia wangu, na shati la Ijumaa. Mara ya tatu nikamwambia lete, lete, lete hapa hicho kifimbo!

Nikampa mshipi wa mkono, chubwi, kile kizito cha mshipi, ya gramu 80 ishike chini, chambo kipande cha ngisi. Kamba yule wa baharini ni laini, vidagaa vinamnyofoa kabla changu hajapata habari, ngisi anashika. Nikamwambia, mshipi usiulegeze, uweke juu ya kidole. Upepo ukiupinda, samaki anakula chambo kizima, anapangusa mdomo, wewe huna habari. Akaulegeza. Akatoa simu. Akavuta ndoana tupu, akaniangalia mimi.

Alipopata changu wa shubiri moja, akapiga ukelele: "Kapteni, hii ndiyo trauti?"

Ndiyo, bwana! Ndiyo trauti! Mshike hapa, nyoosha mkono, piga picha, twende zetu!

Na gatini nani amekata pima 3 za amari yangu akafungia punda? Punda mwenyewe kafungwa mlangoni kwa muuza mahamri, haingii mtu hatoki mtu, na mimi tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni.