Dakika 40 Zilizochukua Dakika 53

Yote yalianzishwa na kilo ya nyama.

Jirani yangu alikuwa refa wa soka enzi zake, na mpaka leo akipita watoto wakicheza njiani hunyoosha mkono kuonyesha mpira ni wa nani. Raga yake yeye ilianza na kuisha Aprili 2016, Kenya ilipoitandika Fiji 30-7 kule Singapore. Siku hiyo alishangilia mpaka akapoteza sauti, na tangu hapo ni mchambuzi. Basi jioni moja, mbele ya watu, akaniambia: "Lakini jirani, ninyi marefa wa raga hamkimbii. Mnasimama tu mkitazama wanaume wakikumbatiana."

Iliniuma. Nikamweleza kwa upole wa mtu aliyekasirika kwamba, sawa, refa wa soka kwenye mechi kubwa hukata kilomita 10 hadi 12, heshima zake nampa. Lakini wa raga ya ngazi ya juu naye hufika 6, 7, hata 8, na nyingine ni za kinyumenyume na za ubavu kama kaa. Mpira unapasiwa nyuma, watu wanakimbia mbele, na wewe uko katikati ukiomba usikanyagwe na mtu wa kilo 115.

Akacheka. "Pima. Ukifika 6, nyama juu yangu. Usipofika, juu yako."

Mpwa wangu ni mtu wa marathoni, na ana moja ya zile saa zinazosikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,000 na ushei huko juu ili zijue umekimbia umbali gani huku chini. Alinivalisha mwenyewe, akakaza mkanda. "Anko, usiguse kitu. Hapa unaanza, hapa unamaliza. Mengine nimeshayapanga."

Hayo mengine ndiyo yaliyonimaliza.

Refa wa raga mwenye akili huvaa saa mbili, moja kila mkono, kwa sababu katika mechi zetu za mtaani hakuna saa ya uwanjani. Muda wote, dakika 40 kwa kila kipindi, uko mikononi mwake. Mimi nilijitazama kwenye kioo nikaona nafanana na mchuuzi wa saa, nikaiacha ile yangu kuukuu mezani. Kwa nini nijisumbue? Hii mpya ilikuwa na namba kubwa zinazosomeka hata ukiwa unahema.

Mechi ilikuwa kwenye uwanja wa shule moja hapa Nairobi. Nilipuliza kipenga saa tisa kamili nikabonyeza. Baada ya dakika mbili hivi, skramu ya kwanza, pale mafowadi wa timu mbili wanapofungamana na kusukumana kugombea mpira. Nikasimama kando yake nikisubiri vijana wajipange, na saa ikanitetemekea mkononi. Nikatabasamu. Nilijua saa za aina hii humpongeza mkimbiaji kila anapomaliza kilomita. Skramu ikavunjika, tukatimka, ikatetemeka tena. Kilomita ya pili! Lainauti, ule mpira unaorushwa kutoka pembeni, tetemeko. Mkwaju wa penalti, tetemeko. Kwa hesabu yangu, kufikia katikati ya kipindi nilikuwa nimekimbia kilomita 17, nami hata jasho halijanilowesha vizuri. Nikaanza kuwaza kwamba labda nilizaliwa Iten, mji wa wakimbiaji, nikaibwa utotoni.

Muda nao ulikwenda taratibu, lakini hilo halikunishtua. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kwa umri wangu kila kipindi ni kirefu.

Wa kwanza kulalamika alikuwa kocha mmoja. "Refa, saa!" Timu yake ilikuwa inalemewa, kwa hiyo nikamwelewa: kila anayelemewa huona saa imelala. Kisha kocha wa pili, aliyekuwa anaongoza, naye akapiga kelele zile zile. Hapo mtu mwingine angejiuliza. Mimi nilimwonya.

Kwenye skramu iliyofuata, kijana wa mstari wa mbele, shingo pana kama gunia la viazi, aliinua uso uliojaa matope akaniuliza kwa adabu kabisa: "Refa, samahani, hiki ni kipindi cha pili ama bado ni cha kwanza?"

"Cheza," nikamwambia.

Wakacheza. Timu iliyolemewa ikapata trai, yaani ikagusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, wakakumbatiana kwa uchovu kuliko kwa furaha. Namba zangu zilipofika 40 kamili nikasubiri mpira ufe, nikapuliza kipenga kwa mkogo, nikaelekea nje kifua mbele. Njiani nikaona timu za mechi inayofuata zimeshavaa, zimeshapasha misuli, zimeshapoa na zimeketi. Mama wa smokie, muuza soseji, alikuwa anafunga sanduku.

Mshika kibendera wangu, mzee mmoja mpole, alinijia akiwa ameshika simu. "Ndugu yangu, ni saa kumi kasoro dakika saba."

"Haiwezekani." Nikamwonyesha mkono. "Hizi hapa, 40."

Tukasimama tuli, vichwa viwili juu ya mkono mmoja, tukiitazama ile saa. Sekunde zikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ikatetemeka. Namba zikaganda.

Hatukusema kitu. Nikapiga hatua tatu. Ikatetemeka, namba zikaanza kutembea. Nikasimama. Zikaganda. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, mbele, nyuma, kama mtu anayejifunza chakacha, na nyuma yangu wachezaji 30 wenye machungwa midomoni wakimtazama refa wao.

Mpwa wangu, kumbe, aliipanga saa isimame yenyewe kila asimamapo, asije akahesabiwa muda wa kusubiri magari barabarani. Kwa mkimbiaji ni busara. Kwa refa wa raga, ambaye nusu ya kazi yake ni kusimama pembeni ya skramu, kwenye lainauti, na nyuma ya mtu anayelenga penalti, ni maafa. Kile nilichokiita hongera kilikuwa ni saa kuniambia nimesimama, halafu nimeanza, halafu nimesimama tena.

Niliwaendea manahodha nikakiri. Yule anayeongoza aliuliza kuhusu ile trai ya nyongeza. Nikamwambia sheria ni sheria, mpira ulikuwa hai, inasimama, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kweli. Mungu si Athumani: walioipata walishindwa kwa pointi nyingi, na hakuna aliyeniandama hadi kwenye matatu. Kipindi cha pili kilipimwa kwa simu ya mshika kibendera, naye alinionyesha muda hata nisipouliza.

Jioni tukaketi kwa jirani, tukaisoma saa: kilomita 6.4. Nikaagiza mbavu. Jirani akavaa miwani, akataka kalamu. "Dakika 13 za wizi tunazitoa," akasema, "tuone kama unafika 6." Tulibishana mpaka nyama ikapoa. Mwishowe kila mtu alilipa nusu, na yeye akala robo tatu.

Nikadhani yamekwisha. Saa mbili usiku mpwa wangu akapiga simu.

"Anko, umefanya nini?"

Ile saa ilikuwa imeunganishwa na programu ya klabu yao ya wakimbiaji. Niliposimamisha tu, mbio zangu zilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wake, kwa jina lake: kilomita 6.4, wastani wa dakika 11 na sekunde 24 kwa kilomita. Yeye ni mtu wa dakika 4. Na ramani, badala ya barabara, ilionyesha mistari ya mviringo, ya kwenda na kurudi, yote imejazana ndani ya mstatili mmoja kama kazi ya mtoto aliyepewa kalamu ya wino.

Kocha wake alikuwa ameshapiga kuuliza ni goti gani. Wenzake 14 walikuwa wamemwandikia pole. Mmoja wao, baada ya kuichunguza ramani kwa makini, alitaka kujua jambo moja tu:

"Mkuu, funguo ulizipata?"