Komeo la Chooni na Mashine ya Volti 128

Mama mkwe wangu alipotutembelea mara ya mwisho, mlango wa choo chetu haukuwa na komeo, na kwa siku zote tisa alizokaa nasi hapa Tabata alijihami kwa kikohozi. Kila aliposikia nyayo kwenye korido alikohoa mara moja. Nyayo zikizidi kusogea alikohoa mara mbili. Na siku moja ambayo mimi nilikuwa nimeziba masikio kwa redio ya simu, alikohoa mpaka jirani akamtuma mtoto aje kuuliza kama mgonjwa wetu ameshapelekwa hospitali. Namshukuru Mungu kwamba mlango sikuufungua, lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Siku ya kurudi Tanga alimwambia binti yake, kwa sauti ya chini iliyopimwa vizuri ili inifikie pale nilipokaa, kwamba komeo siku hizi ni shilingi elfu tatu tu.

Mwaka huu tulipopata habari kwamba anakuja tena Jumamosi, nilimwita fundi seremala mwenye karakana yake nyumba ya nne kutoka kwetu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Aliutazama mlango, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasema, "Huu mninga," kisha akataja bei ya ufundi: shilingi 15,000. Niliona nimetukanwa. Komeo lenyewe lilikuwa na skrubu nne kwenye bamba na nyingine nne kwenye kidaka chake, na mimi kwa bahati mbaya ni mtu niliyezoea mahesabu, kwa hiyo niligawanya palepale na kupata shilingi 1,875 kwa kila skrubu. Nikamwambia nitamjulisha. Kesho yake, Ijumaa, nikapanda daladala hadi Kariakoo na kurudi na mashine ya kufungia skrubu iliyonigharimu shilingi 85,000, nikiamini kwamba nimeokoa 15,000.

Kwa haki ya muuza duka, ni lazima niseme kwamba hakunishauri vibaya. Aliniwekea mezani mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama tochi, ya volti 3.6, ambayo alisema inatosha kabisa kwa vifuniko vya soketi, vishikio vya kabati na makomeo, mradi mtu atangulize tundu. Ya pili ilikuwa ya volti 12, nyepesi, yenye nguvu ya kutosha kufunga kitanda au rafu. Ya tatu ilikaa peke yake kwenye sanduku jeusi, na ubavuni mwa betri yake palikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu: 128VF. Niliuliza herufi ya F ina maana gani. Kijana akafikiri kidogo, akajibu kwamba F ni ya nguvu zaidi. Mtu mwingine angekaa chini atafakari jibu lile. Mimi nilikuwa nimeshatoa pochi. Nilijiona nikishuka daladala Tabata na volti 128 mkononi, nikipita mbele ya karakana ya yule mzee bila kugeuka.

Jumamosi asubuhi mke wangu aliondoka kwenda kumpokea mama yake stendi ya Mbezi, akaniacha na kijana wetu wa miaka tisa na maneno mawili: "Usiharibu mlango." Niliingia chooni na mashine yangu, nikaurudishia mlango ili niweze kulinganisha komeo na fremu, nikaweka alama kwa penseli na kuanza kazi.

Kwa dakika kumi za mwanzo skrubu ilikataa kuingia. Ilizunguka, ikalia, ikatoa moshi kidogo, ikatoboa kitundu chenye ukubwa wa punje ya mtama, na haikusogea. Niliuegemea mlango kwa uzito wangu wote, ambao si haba, na nikaanza kumwelewa yule mzee na sauti yake aliposema mninga. Ni mwanangu, aliyekuwa akichungulia kwa dirishani akiwa amesimama juu ya ndoo huko nje, aliyesema, "Baba, mbona inazunguka kama unafungua?" Juu ya kifyatulio kulikuwa na kitufe kinachopita upande hadi upande, ambacho hubadili mzunguko uwe wa kufunga au wa kufungua, na chenyewe kilikuwa upande wa kufungua tangu dukani. Nilimwambia kwamba nilikuwa naipasha moto, kisha nikamtuma akacheze.

Sasa mashine ilianza kazi yake, na hapo ndipo inanibidi nieleze mambo matatu ambayo siku ile sikuyajua. Shingoni mwa mashine za aina hii kuna pete yenye namba, na mwisho wa namba kuna picha ya kekee. Namba zile ni kipimo cha kuachia: ukiweka ndogo, mashine ikikutana na ukinzani hutoa sauti ya kukatakata na kuacha kusokota, skrubu ikabaki salama; ukizidisha namba, huchelewa zaidi kuachia; na ukiweka kwenye ile picha, ambayo ni ya kutobolea, haiachii kamwe. Mimi niliona namba moja ni ya watoto, nikaizungusha pete mpaka kwenye picha. Juu ya mgongo wake kuna swichi ya gia, moja na mbili, na ya kufungia skrubu ni ile ya kwanza, ambayo mwendo wake ni wa pole lakini nguvu yake ya kusokota ni kubwa. Mimi niliweka mbili, kwa sababu mbili ni zaidi ya moja. Na ile ncha ya nyota iliyokuja ikiwa imeshachomekwa ilikuwa ndogo, imeandikwa PH1, ilhali skrubu zangu zilihitaji PH2, iliyokuwa imelala kisandukuni ikinisubiri.

Matokeo yake yalikuwa ya haraka. Kichwa cha skrubu ya nyota kina kuta zilizoinama, na ukisokota kwa nguvu bila kukandamiza sawasawa, ncha hupanda na kuruka nje, na kila inaporuka huondoka na sehemu ya kuta zile. Nimesoma baadaye kwamba Henry F. Phillips wa Portland, Oregon, aliyepata hataza zake mwaka 1936, alivipeleka vichwa hivi kwenye viwanda vya magari kwa sababu ncha hujitafutia katikati yenyewe na mashine inaweza kufanya kazi kwa kasi. Bila shaka huko viwandani watu walichagua ncha inayolingana. Mimi kufikia skrubu ya tano nilikuwa nimegeuza nyota zote kuwa vibakuli. Skrubu ya sita, iliyokuwa ya kidaka, ilikatika shingo kabisa, kwa kuwa mninga hausukumwi na skrubu nyembamba ya komeo la elfu tatu bila kutanguliziwa tundu. Hata hivyo zote nane zilikuwa zimezama, na zilikuwa zimezama kweli: mashine ililivuta bamba la komeo ndani ya mbao mpaka likapinda katikati kama ulimi wa kiatu kilichonyeshewa.

Hapo nikafanya kile ambacho kila fundi hufanya akimaliza kazi, nikalijaribu. Komeo lilisita. Nikalisukuma, likasogea nusu. Nikageuza mashine na kuligonga kwa kitako cha betri, likaingia lote kwenye kidaka kwa sauti nzuri sana ya chuma, nami nikasema peke yangu, "Naam." Kisha nikajaribu kulirudisha. Bamba lililopinda lilikuwa limeukaba ule mchi wa chuma kama vile mtu anavyokabwa koo. Nikagonga tena, kwa upande wa pili, na kile kishikio kidogo cha komeo kikakatika, kikaruka, kikagonga ukuta na kutumbukia chooni. Nikabadilisha kitufe kwenda kufungua, nikaweka ncha kwenye kibakuli cha kwanza, nikabonyeza. Mashine ikanguruma, ikapunguza sauti, ikanong'ona, ikanyamaza. Chaja ilikuwa sebuleni.

Mlango wetu hufunguka kwa ndani, kwa hiyo hata kuupiga bega haikusaidia, na dirisha la choo lina nondo nilizozilipia mwenyewe kwa ajili ya wezi. Nilimwita mwanangu. Alikuwa ametii agizo langu na kwenda kucheza.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa muda ambao sikuweza kuupima, mpaka niliposikia geti, magurudumu ya sanduku na sauti za wanawake wawili zikiingia. Nyayo za haraka zilikuja moja kwa moja kwenye korido, zikasimama nje ya mlango, na kitasa kikazungushwa. Nilikuwa na njia mbili tu, kukohoa au kuzungumza, na kukohoa niliona kama dhihaka.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Pakawa kimya.

"Nani huyo anayeniamkia kutoka chooni?"

"Ni baba watoto, mama," mke wangu alijibu kwa mbali.

"Marahaba, mwanangu," mama mkwe alisema, akiwa amerudi nyuma hatua mbili. "Maliza kwanza shughuli yako, salamu haziozi. Ila usikawie, mimi nimejibana tangu Chalinze."

Nilijibu kwamba sawa, kwa kuwa sikupata jibu jingine. Baada ya dakika tano aliuliza kama bado. Baada ya dakika nyingine tano nilimsikia akimwambia mke wangu taratibu kwamba maji ya majani ya mpera husaidia sana tumbo la kuhara, na kwamba mtu asione haya, ni maradhi kama maradhi mengine. Ndipo mke wangu alipokuja mlangoni, akaniuliza kwa kunong'ona kuna nini, nami nikamweleza kwa kunong'ona, naye akarudia kila neno kwa sauti ya kawaida ili mama yake apate kufuatilia. Mama mkwe hakusema kitu. Alivaa kandambili zake, akaongozwa na mwanangu hadi nyumba ya nne kutoka kwetu, kwa fundi seremala, kuomba choo. Choo cha fundi kina komeo. Alipotoka, fundi alikuja naye.

Yule mzee hakucheka, na nitamheshimu kwa hilo maisha yangu yote. Alinyamaza nje ya mlango, akaniuliza maswali manne, akazunguka hadi dirishani na kunipitishia kwenye nondo vitu viwili: bisibisi ya nyota ya mkono yenye mpini wa mti uliong'aa kwa umri, na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kisichozidi ukubwa wa stempu. "Liache bamba," alisema. "Shughulika na kidaka kwenye fremu. Ile iliyokatika haishiki tena, kwa hiyo una tatu. Weka mpira juu ya kichwa cha skrubu, bisibisi juu ya mpira, kandamiza kwa uzito wako, halafu sokota polepole. Kukandamiza kwanza, kusokota baadaye."

Mpira ulijaza pale ambapo nyota ilikuwa imelika, bisibisi ikapata pa kung'ata, na skrubu ya kwanza, baada ya kulalamika, ikageuka. Ya pili nayo ikatoka. Ya tatu iligoma kabisa, lakini kidaka kikishikiliwa na skrubu moja tu huzunguka kama mkono wa saa, kwa hiyo nilikisukuma pembeni, na mlango ukafunguka ukiwa na komeo lake limetokeza mbele kama kidole kinachoshtaki. Korido ilikuwa na watu saba. Wawili sikuwa nawajua.

Baadaye fundi alikaa nasi barazani, akanywa chai, akaiomba ile betri. Alifungua skrubu zake nne kwa mkono na kunionyesha ndani: seli tano za lithiamu zimepangwa kama betri za tochi. Kila moja ni volti 3.6, na tano zikiunganishwa mfululizo ni 18, alisema, wala si vibaya, ni mashine ya kawaida. Lakini kwa volti 128 ingenilazimu kubeba seli 36. Mama mkwe, ambaye alikuwa akisikiliza huku akimenya chungwa, aliuliza kama zile 110 zilizobaki zimeibwa au zilisahauliwa dukani. Fundi akaongeza kwamba angetoboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu, akasugua uzi wa skrubu kwenye sabuni ya mche ili iteleze ndani ya mninga, na kazi ingechukua robo saa. Kipande cha sabuni ya mche kilikuwa pale chooni muda wote, karibu na kiwiko changu.

Malipo ya kunitoa yalikuwa shilingi 15,000. Kufunga komeo jipya, kuziba matundu yangu na kuitoa ile shingo ya skrubu iliyobaki ndani ya fremu yangekuwa 15,000 nyingine, na kwa kuwa Jumapili yeye hafanyi kazi, tungoje Jumatatu.

Alfajiri ya Jumapili niliamka, nikaingia kwenye korido nikinyata, na kabla sijafika katikati nikasikia kikohozi kimoja. Nikasimama palepale. Kikafuata cha pili, ingawa sikuwa nimesogea.