Mtungi wa Mama na Sabufa ya Jirani

Hapa Mwanga nimepanga chumba ukuta kwa ukuta na kijana mwenye sabufa. Ikianza saa moja jioni, dagaa wangu wanatikisika kwenye sahani kama wamekumbuka ziwa. Mwimbaji humsikii, gitaa hulisikii. Ni du! du! du! na bati linaitikia.

Sisi enzi zetu kule Ujiji tulikuwa na spika ya mtungi. Tuliing'oa kwenye redio iliyokufa, karatasi yake imechanika, tukaiziba kwa uji wa muhogo. Tukaikaza kwenye mdomo wa mtungi kwa mpira wa baiskeli, hewa isipenye. Betri tulizianika juani mchana kutwa, na usiku rumba ya ng'ambo ya ziwa ikatoka nene, tamu, unamsikia mpiga besi anavyovuta uzi. Tatizo, mtungi ulikuwa wa mama. Siku aliyokuja na kata yake kuchota maji akakuta nyaya... Mpaka leo nikisikia rumba mgongo unajikunja wenyewe.

Ukubwani ndipo nikasoma habari za Mmarekani mmoja, Edgar Villchur, mwalimu. Zamani kule kwao mtu akitaka besi ya maana alinunua boksi kubwa kama kabati. Mwaka 1954 Villchur akaja na spika aliyoiita AR-1, boksi dogo lililozibwa kabisa. Karatasi ya spika aliilegeza, na hewa iliyofungiwa mle ndani ndiyo ikawa springi ya kuirudisha. Besi ikashuka chini, na safi. Si mtungi wetu huo? Ila yeye hakuchapwa. Spika yake ya baadaye, AR-3, imehifadhiwa makumbusho ya Smithsonian kule Marekani. Mtungi wetu mama aliuosha mara saba, akasema maji bado yananuka waya.

Halafu mzee huyo, baada ya kuuza kampuni yake ya spika, akageukia vifaa vya watu wenye masikio mazito. Ugunduzi wake huko hakuuwekea hataza, waliotaka wakautumia bure. Nadhani alishaota jirani yangu.

Juzi uvumilivu ukanishinda, nikagonga mlango wake.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Mwanangu, huo mziki..."

"Eeh?"

"Nasema huo mziki!"

Akatabasamu kwa adabu zote, mkono kifuani. "Kumbe na wewe unaupenda, mzee! Ngoja nikuongezee."

Akaongeza.