Kanzu ya Mhazini

Balaa lilianzia kwenye vikombe. Harusi ya dada yangu ilikuwa imekaribia, nikajitia mjuzi: nikachapisha picha ya maharusi kwa wino wa kawaida wa printa, nikaibana kwenye kikombe kwa mashine ya joto. Ikashika kidogo, kama kivuli. Nikashangilia. Mama akakisuuza, bwana harusi akaenda na maji ya sinki. Akabaki bibi harusi peke yake, naye shingo hana.

Muuza wino wa Kariakoo alinicheka mpaka akakaa chini. "Mdogo wangu, huo ni wa makaratasi. Wewe unataka wa sublimesheni."

Nikarudi na chupa nne, nikasafisha printa ya nyumbani, nikaijaza. Wino wenyewe kwenye karatasi umepauka, utadhani umechakachuliwa. Lakini uupate moto wa nyuzi 180 hadi 200: rangi inaruka kuwa mvuke bila hata kuyeyuka, inazama ndani ya polista, kitambaa cha plastiki, na ikishazama imezama. Vikombe vipya, vile vilivyopakwa polima, yaani utando wa plastiki, vikang'aa ajabu. Kumbe hakuna niliyemwambia kwamba printa imebadilishwa damu.

Mjomba ndiye mhazini wa kamati. Asubuhi ya ndoa alichapisha orodha ya waliokuwa bado hawajatoa michango, akalalamika maandishi yamefifia, akaiacha pale mezani anapopigia pasi. Kanzu yake nyeupe ni polista tupu. Ili isiungue, hutandika karatasi juu yake ndipo apitishe pasi. Akaokota iliyokuwa karibu, maandishi yakalala chini. Simu ikaita. Akawa anabishana na mpishi wa pilau kuhusu nyama, mkono unakandamiza palepale mgongoni.

Na joho akaliacha, eti joto.

Kwenye ndoa nilikaa nyuma yake. Shehe anaanza hotuba, mimi naona mistari mgongoni kwa Mjomba, na kila mstari unaanza na neno moja: ODAB. ODAB. ODAB. Nikadhani ni nembo ya mshonaji. Mpwa wangu akaniuliza kwa sauti, "Odab ni nani?" Moyo ukanidondoka. Sisi wa vikombe picha huigeuza kwanza ndipo tunaichapisha, maana ikihamia upande wa pili inapinduka. Mjomba hakugeuza kitu.

Kijana mmoja akampa Mjomba mgongo, akainua simu kama anajipiga picha. Kamera ya mbele ikanyoosha kila kitu kwenye kioo: Shemeji mkubwa, 50,000, BADO. Simu ikapita mkono kwa mkono.

Shemeji akatambaa kwa magoti mpaka kwa Mjomba, akamshindilia noti tano za elfu kumi kiganjani. "Mhazini, tafadhali, nifute."

Mjomba akazihesabu mara mbili, uso umemnawiri. "Shemeji, nimeshakufuta," akasema, akageukia mbele kumsikiliza shehe.