Kamera "Iliyokufa" na Mwanga wa Saa Kumi na Mbili

Ukiingia duka la kamera Kariakoo siku hizi ukaulizia DSLR, ile kamera yenye kioo ndani kinachoakisi picha hadi kwenye jicho lako, jibu ni moja: "Bosi, hizo zimekufa, chukua mirolesi." Mpwa wangu alijibiwa hivyo mwezi uliopita. Kijana anafanya kazi ya stoo, amejibana karibu mwaka mzima, anataka kamera yake ya kwanza ya kupiga picha kwa mapenzi tu. Mpiga picha wa ridhaa, kama wachezaji wa timu ya mtaa. Akanipigia simu: "Anko, kuna DSLR, Canon 80D ya mtu, imetumika, na kuna mirolesi, Canon R50 mpya ndani ya boksi. Muuzaji anasema nikichukua ya kwanza nimenunua maiti."

Muuzaji hakusema uongo. Canon na Nikon hawajatoa DSLR mpya tangu 2020, na nguvu zao zimehamia kwenye mirolesi, yaani kamera zisizo na kile kioo cha ndani. Ila "haitengenezwi tena" na "haifai" ni maneno mawili tofauti, na mwenye duka ana sababu zake za kuyafanya neno moja.

Mirolesi ina sifa zake na si za kubeza. R50, ya mwaka 2023, inatambua jicho la mtu na kuling'ang'ania. Mtoto akikimbia Coco Beach, fokasi inakimbia naye. Kwenye kidirisha unaiona picha kama itakavyotoka, iwe na giza au imeungua kwa mwanga, kabla hujabonyeza. Anayeanza hujifunza haraka kwa njia hiyo, hapo sibishani na mtu. Bodi yake, yaani kamera bila lenzi, ina gramu 375, ya 80D ina 730. Kwenye daladala la Mbagala saa ya msongamano tofauti hiyo inasikika begani, na kamera ndogo haivuti macho ya vibaka. Tena siku shata ya kamera ya zamani, lile pazia linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga, ikigoma, kuna uwezekano mkubwa kipuri ukitafute kwenye kamera nyingine iliyogoma kitu kingine.

Hayo yote mpwa wangu alishaambiwa, tena na watu wengi. Habari ya lenzi ndiyo hakuambiwa na yeyote.

R50 aliyoonyeshwa inakuja na lenzi ya boksi, ya kuvuta, 18-45mm. Ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la kuingizia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/6.3. Akiba ya mpwa wangu inaishia hapo hapo, hata nauli ya kurudi Ubungo ni ya kukopa. 80D ya mwaka 2016, kwa kuwa imetumika, inamwachia hela ya kununua 50mm f/1.8, lenzi ndogo ya plastiki ambayo wapiga picha wengi wa mji huu wameanzia. Sensa za kamera zote mbili, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, zina ukubwa uleule unaoitwa APS-C na megapikseli zilezile, 24.2. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Sasa fanya hesabu ambayo haijanitoka kichwani tangu simu ile. Gawanya 6.3 kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe. Unapata 12 na kitu. Maana yake lenzi ya bei ndogo inaingiza mwanga mara 12 ya ile ya boksi. Sijasema asilimia 12, nimesema mara 12. Kibanda cha chipsi Mwenge usiku, chini ya taa yake moja, ikiwa lenzi ya boksi inakulazimisha kutumia shata ya 1/20 ya sekunde, f/1.8 inakupa takriban 1/250 bila kugusa kitu kingine chochote. Kwa 1/20 mkono wa muuza chipsi anayegeuza kikaango ni ukungu. Kwa 1/250 unahesabu vidole vyake.

Mtu atasema nimechagua mfano wa usiku makusudi. Ni kweli nimechagua, lakini angalia maisha ya mtu anayepiga picha kwa ridhaa Dar. Anatoka kazini saa kumi na moja jioni. Jua letu linazama kabla ya saa moja mwaka mzima, na likishazama giza halibembelezi kama kule Ulaya kwenye jioni ndefu za kiangazi; dakika ishirini na kitu, kwisha. Katikati hapo kuna foleni ya Morogoro Road. Mpwa wangu akishuka kwenye mwendokasi, mwanga alionao ni wa saa kumi na mbili na nusu na wa taa za barabarani. Mchana wa Jumapili anao, sawa, ila jua la saa saba mchana linakuwa utosini na kumchimbia kila mtu mashimo meusi machoni. Picha nzuri za mji huu, mashua zikirudi Feri, mama anayekaanga samaki, vijana chini ya Daraja la Tanzanite, ziko pembezoni mwa siku, na huko ndiko f/6.3 inakonyima riziki.

Kuna majibu. Sensa mpya ina chenga chache, zile doadoa za picha ya gizani, usiku? Kidogo, ndiyo, kati ya kamera hizi mbili haifikii hata mara mbili, achilia mbali 12. Lenzi ya boksi ina kifaa cha kuzuia mtikisiko? Kinatuliza mkono wako wewe, hakimtulizi muuza chipsi. Hoja yenye uzito ni moja: hata mirolesi ina 50mm f/1.8 yake, ilitoka 2020. Mwenye uwezo wa kununua R50 na lenzi hiyo kwa pamoja anunue, na haya ninayoandika ayapite tu. Uchambuzi huu ni wa mtu ambaye hela yake inanunua kimoja.

Betri sitaikalia sana. Kwa vipimo vya kiwandani 80D inapiga picha 960 kwa chaji moja, R50 haifiki nusu yake. Anayejua umeme unavyokatika mtaani kwake atamalizia mwenyewe.

Lakini upande ninaoutetea una mtego, na mtego wenyewe ni hewa ya Dar. Miaka kadhaa nyuma nilinunua lenzi iliyotumika kwa mtu niliyekutana naye mjini, kwa haraka, usiku, ndani ya gari. Kwa nje iking'aa kama mpya. Baada ya wiki moja niliimulika kwa tochi ya simu nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya kioo kama utando wa buibui. Fangasi. Unyevu wetu wa masika unazilea vizuri sana, hasa kwenye lenzi iliyofungiwa miezi ndani ya begi lake la kitambaa. Fundi aliniambia kuisafisha kungenigharimu karibu bei ya lenzi nyingine. Simu ya muuzaji haikupatikana tena.

Tangu hapo zangu zinalala kwenye kontena la plastiki la chakula, lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Nikivikausha juani kila baada ya muda, vinaendelea kufanya kazi.

Kitu kingine cha kuuliza ni idadi ya picha ambazo kamera imeshapiga. Shata ya 80D imekadiriwa kudumu picha 100,000. Mpiga harusi anayebonyeza mara 1,000 kila Jumamosi anaimaliza kabla ya miaka miwili kutimia, na kamera nyingi zilizotumika mjini zinatoka mikononi mwa hao hao, wanapohamia mirolesi. Kijana wa kupiga picha 150 kwa wiki angehitaji zaidi ya miaka 12. Kwa hiyo swali la umri wa kamera ni dogo kuliko swali la ilikuwa ya nani.

Nilimwambia pia kwamba siku akipata hela ya mirolesi ya Canon, 50mm ile haitupwi. Kuna adapta, kipande cha kuiunganisha na kamera mpya, na fokasi yake inafanya kazi kama kawaida. Bodi ndiyo atakayoiuza kwa hasara, na hasara ya kitu kilichokwisha kushuka bei huwa ndogo.

"Kwa hiyo nichukue 80D, anko?"

Nikamjibu aende Jumamosi, mchana, mahali pa wazi, na tochi na memori kadi yake mwenyewe. Aimulike lenzi mbele na nyuma, apige picha kumi za ukuta mweupe atafute madoa, amwombe mwenye kamera amtajie kazi alizoifanyia. Akianza kumharakisha, arudi nyumbani na hela yake.